Hina ya Alhamisi

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimestaafu ualimu wa Kiswahili tangu mwaka jana, na humu nyumbani hakuna anayekizungumza. Mimi na mume wangu Mahat, Mzee wangu, tunaongea Kisomali asubuhi mpaka jioni, na majirani vivyo hivyo. Kabla lugha haijaniota kutu mdomoni, nimeamua kuandika kila msimu huu wa mvua za vuli, hata ikiwa mstari mmoja. Mvua zenyewe hazijafika. Garissa inachemka na nzi wamekata tamaa.

Leo ilikuwa siku ya hina. Daud, rafiki wa Mzee, alikuja baada ya sala ya alasiri kama anavyokuja kila Alhamisi tangu nilipoolewa hapa. Wote wawili ni madalali wa ng'ombe katika soko la mifugo. Waliketi kwenye mkeka barazani, nikawakorogea hina katika bakuli la bati, wakapakana ndevu kwa mswaki mmoja mkuukuu uliobaki na manyoya machache, huyu kwanza, yule baadaye, ili kesho Ijumaa wang'ae msikitini kwa rangi ya chungwa. Mahat wangu ana ndevu za kumfika kifuani. Za Daud ni chache, lakini anazitunza vizuri.

Alipomaliza kumpaka, Daud aliegemea nyuma, akamtazama Mzee, akamwita kama wanaume wa kwetu wanavyoitana:

"Warya Mahat, ndevu hizi nikizipeleka sokoni zitaleta bei ya fahali wa Kotile."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini Daud hakusema mashallah, na kwetu mtu hasifu kitu cha mwenzake bila kulitaja neno hilo. Nililisikia pengo lake nikanyamaza. Nani atamsahihisha mtu mzima mbele ya chai yake?

Jumatatu, 9 Oktoba

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zao Ijara.

Jumatano, 11 Oktoba

Siku ya soko. Mzee alirudi amefurahi, kwa kuwa watu wa Tarbaj wameshusha ndama wengi kabla barabara haijaharibika. Madalali wengine hukagua meno na kwato. Mahat ana mtindo wake: hulaza shavu kwenye shingo ya ndama, akafumba macho na kusikiliza pumzi. Anasema mapafu hayajui kudanganya. Daud alimuiga siku nyingi zilizopita na sasa soko zima linawacheka, wazee wawili wanaokumbatia ng'ombe.

Anasema ndama wa safari hii wana mabaka ya kijivu shingoni, makavu, lakini wanakula vizuri. Nilimwambia aoge kabla ya kugusa mto wangu.

Jumapili, 15 Oktoba

Mzee anajikuna kidevu. Nimemwambia ni joto.

Alhamisi, 19 Oktoba

Daud hakuja. Nilikoroga hina, ikakauka bakulini. Mzee alijipaka mwenyewe, akajichafua mpaka kwenye fulana, akasema labda Daud ana wageni. Daud hana wageni. Mkewe, Sahra, angeniomba sufuria kubwa.

Jumapili, 22 Oktoba

Mzee amenunua dawa ya kupaka dukani sokoni, tyubu ndogo isiyo na karatasi ya maelezo. Muuzaji alimwambia inatibu kila kitu. Kitu kinachotibu kila kitu mimi hukiogopa. Lakini kweli, jioni mwasho ulikuwa umepungua na aliniringia sana.

Ijumaa, 27 Oktoba

Leo nimeona kitu ambacho sikukipenda.

Mzee alikuwa anatawadha kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Alipopitisha vidole vyenye maji katika ndevu, fungu zima lilimfuata mkononi. Halikukatika. Lilichomoka na mizizi yake, kwa urahisi, kama unavyochomoa jani bichi kwenye udongo uliolowa. Alisimama na birika mkono mmoja na ndevu mkono wa pili, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mahat ni mzee.

Nilimketisha nikamwangalia. Chini ya taya upande wa kulia pana uvimbe laini wenye vipele vya usaha. Ngozi ni nyekundu kweli au ni rangi ya hina? Sikuweza kujua. Hina imefunika kila kitu kwa rangi yake.

"Ni jicho la husuda," alisema.

"Jicho la nani?"

"Unajua la nani. Ulikuwepo. Alisema bei ya fahali, na hakusema mashallah. Alikuja Alhamisi moja tu baada ya hapo, tangu hapo umemwona? Sokoni pia haonekani. Mtu asiye na kosa anajificha?"

Nilimshikia birika amalize kutawadha. Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa sina wa kunisahihisha: nilimwona Daud ana hatia. Nilikumbuka jinsi alivyoegemea nyuma na kutazama. Nilikasirika hata kwa niaba ya chai yote aliyokunywa kwangu.

Jumapili, 29 Oktoba

Mzee anataka maji. Kwa desturi, aliyetupa jicho akinawa, maji yale akamwagiwa aliyepigwa, jicho huondoka. Wanaume hawawezi kuombana jambo hilo uso kwa uso, kwa hiyo kazi ni yangu. Nilikwenda kwa Sahra. Tulizungumza habari za mvua isiyokuja, bei ya sukari, binti yangu Zamzam aliyeko Nairobi. Mwisho nikasema lililonileta.

Sahra alikunja ncha ya shungi lake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nitamwambia," alisema. Hakunisindikiza mpaka mlangoni. Miaka yote hii amekuwa akinisindikiza mpaka barabarani na kunishikilia huko saa nzima.

Jumanne, 31 Oktoba

Mvua ya kwanza, kubwa, na harufu ile ya vumbi lililonyeshewa ambayo ningeweza kuila. Katikati ya mvua Sahra alibisha, amelowa chapachapa, ameshika jerikeni ya lita tano.

"Amenawa," alisema. "Uso, mikono mpaka viwikoni, miguu. Kama mlivyotaka."

Nilimkaribisha chai. Akasema ana kazi.

Ijumaa, 3 Novemba

Maji yamemwagwa, dua imesomwa. Mzee amepata mafua kwa kulowa. Ndevu zinaendelea kuanguka.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimempeleka hospitali. Nimeandika "nimempeleka" kwa sababu alitembea hatua mbili nyuma yangu na shali usoni, na kila aliyemsalimu alimwitikia bila kusimama.

Aliyetupokea ni kijana wa Kiborana kutoka Buna, jina lake Abdub, mrefu, mpole, kidevu chake kimenyolewa kikabaki safi kabisa. Mzee alipokiona kidevu kile alinitupia jicho la kusema: huyu ndiye atanitibu mimi? Kisomali cha Abdub ni kidogo na Kiborana chetu hakipo, ikabidi tukutane kwenye Kiswahili. Nimeishi na Mahat miaka thelathini na herufi "p" na "v" bado hazijaingia mdomoni mwake.

"Mzee, unafanya kazi na mifugo?" Abdub aliuliza, akivaa glavu.

"Mimi dalali. Ng'ombe tu. Mbuzi nawachia fijana."

"Kuna ndama umeshika wenye mabaka ya kijivu, yamekauka, hayana manyoya?"

"Wengi. Ya Tarbaj yote."

"Umewashika kwa mkono tu?"

Nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka mhudumu akachungulia. Nikamwonyesha Abdub jinsi Mzee anavyolaza shavu kwa ndama na kufumba macho. Abdub akainama, mabega yakimtikisika, akajifanya anatafuta kalamu.

Aling'oa nywele mbili, akakwangua magamba kwenye kioo, akavipeleka maabara. Tulisubiri kwenye benchi. Aliporudi alisema ni choa. Mimi nikasema haiwezekani, choa ni ugonjwa wa watoto, shuleni tulikuwa tukiwaona nao vichwani, duara duara, wenyewe wakiita mashilingi. Abdub akasema ni ukungu uleule wa familia moja. Kwenye ngozi tupu hutoa duara na dawa ya kupaka inatosha. Ukiingia penye nywele nyingi, kichwani au kwenye ndevu, hushuka mpaka kwenye mzizi, na ule wa ng'ombe ni mkali zaidi kwa mtu. Krimu haifiki huko. Ile tyubu ya dukani ilituliza mwasho huku ikiuacha ukungu ujinenepee.

"Kwa hiyo si jicho?" nikauliza.

"Mama, mambo ya jicho mimi si msomi wake. Lakini hii nimeiona kwa darubini."

Ameandika vidonge vya griseofulvini, kila siku, wiki sita, hata zaidi ikibidi mpaka ndevu mpya ziote. Asiache dawa eti kwa kuwa mwasho umekwisha. Akiacha mapema, uvimbe utaunguza mizizi na mahali pale patabaki upara maisha yake yote. Akae mbali na jua kali. Na ndevu zikatwe ziwe fupi.

Hapo ndipo Mzee alipovua shali.

"Daktari, sikiza. Dawa nitakunywa, hata chungu. Lakini ndefu hii kukata, habana. Baba yangu alikufa na yake. Hii ndefu si nywele, ni heshima."

"Haya, tutazungumza tena. Jambo la mwisho: dawa hii inywewe pamoja na chakula chenye mafuta. Bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Maziwa yenye malai, samli, nyama ya mafuta."

Mzee alimtazama upya yule kijana, kuanzia kidevu kitupu kwenda juu.

"Samli," alisema polepole. "Kila siku?"

"Kila siku, na kidonge."

"Wallahi huyu daktari amesoma," aliniambia kwa Kisomali.

Alhamisi, 9 Novemba

Mikate ya anjera na samli asubuhi. Nyama ya nyirinyiri inayoogelea kwenye mafuta mchana. Miaka mitano nimempigia kelele kuhusu presha, sasa ananionyesha karatasi ya hospitali. Kidonge ni kimoja, sahani ni tatu.

Ndevu amekataa kukata. Hina amekubali kuiacha. Leo ni Alhamisi na barazani hapakuwa na mtu. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka upande wake, upande wa Daud uko wazi. Nilipomwambia kwamba daktari amesema ni ndama, alijibu: "Ndama wameletwa na nani? Jicho haliji lenyewe, hutafuta njia." Mtu akishapenda kesi yake huwezi kumnyang'anya.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Mto Tana umevaa rangi ya chai ya maziwa na umepanda mpaka kwenye migomba. Usaha umekauka. Mzee amenenepa.

Jumamosi, 18 Novemba

Barabara ya Nairobi imekatika ng'ambo ya daraja, maji yamefunika lami. Malori yamepanga foleni huko, vitunguu vinaoza ndani. Sokoni hakuna nyanya. Hatuna shida, nyanya si mafuta.

Jumatatu, 20 Novemba

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Asubuhi niliiona jerikeni ya Sahra nyuma ya mlango. Wiki tatu chombo cha watu kimekaa kwangu. Kwetu chombo hakirudi kitupu, hata mkigombana. Mkono mtupu haulambwi. Nilijaza maziwa ya ngamia, nikajitanda, nikavuka matope.

Lango lao lilikuwa wazi kwa ajili ya kupitisha maji. Nilipiga hodi lakini mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna aliyesikia. Nikaingia. Chini ya ukumbi aliketi Daud, uso wake wazi, kioo kidogo kimeegemea bakuli, akijikanda shavu kwa kitambaa cha maji moto.

Sikumtambua mara moja. Upande wa kushoto wa taya ulikuwa umevimba kama ametafuna kitu akasahau kukimeza, na juu ya uvimbe ule hapakuwa na unywele hata mmoja. Zilizobaki zimeshikana kwa usaha. Aliponiona alivuta kitambaa haraka kufunika uso.

"Jino," alisema.

"Daud, usinidanganye mimi. Jino la mwezi mzima?"

Sahra alitoka jikoni akasimama. Nilifikiri ataniuliza nimekuja kuteka maji mengine. Lakini machozi yalianza kumtoka, akasema: "Mwambie, Daud. Mwambie, au nitamwambia mimi."

Daud alikilaza kioo kifudifudi. Kisha akateremsha kitambaa.

"Uliponiletea habari ya maji," alisema, "sikukasirika, dada. Nilinawa kwa nia. Kwa sababu ni kweli, siku ile nilizitamani. Nilitazama ndevu za Mahat, nikatazama zangu kwenye kioo, na moyo wangu ukasema, kwa nini yeye? Sikusema mashallah kwa kuwa nilisahau? Sijui. Siku chache baadaye kidevu kikaanza kuniwasha. Nikajua Mungu amenirudishia. Ningekujaje kwenu na uso huu? Mahat angeona nimeadhibiwa, angejua hakika ni mimi."

"Hospitali umekwenda?"

"Nikamwambie daktari nini? Kwamba nina husuda?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, nilifundisha methali hiyo kila mwaka na wanafunzi wakaijaza kwenye mitihani. Na hapa mtu mzima alikuwa amekaa na jipu usoni zaidi ya mwezi kwa sababu ya aibu. Nikakumbuka jinsi nilivyomhukumu nikiwa nimekaa kwangu pakavu, na nikaona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Daud," nikasema, "ni ndama."

Nikawaeleza yote: ukungu, darubini, mtindo wa kulaza shavu. Na nilipokuwa nasema, mkono wangu wenyewe ukaonyesha kitendo cha kupaka, huyu kwanza, yule baadaye, nikasimama katikati ya sentensi. Mswaki. Mswaki ule mmoja, kila Alhamisi. Kama ndama hawakumpa Daud, basi alipewa barazani kwangu, kwa hina niliyoikoroga mimi.

Sahra alifuta macho. "Ina maana hawa wazee," alisema, "wamepeana ugonjwa wa ng'ombe, halafu wakasingizia macho?"

Tulicheka sisi wawili mpaka tukashikana. Daud hakucheka, shavu lilimuuma, lakini macho yake yalicheka.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimweleza Mzee nikiwa bado nimesimama mlangoni, matone yakinidondoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Sehemu ya husuda niliificha, maana ile ni mali ya Daud. Nilimwambia hali ya taya lake.

Mahat alijitupia shali. Aliinuka, akachukua pakiti ya vidonge kutoka kwenye kabati, akaivingirisha kwenye mfuko wa plastiki, akatoka kwenye mvua bila viatu, akielekea kwa Daud.

Jumanne, 21 Novemba

Asubuhi tulikwenda hospitali wanne. Abdub alimkagua Daud, akapima, na sura yake haikunipendeza. Choa kilekile, ila kimeachwa muda mrefu. Amempa dawa ya usaha. Akaandika vidonge vya griseofulvini, halafu akaweka kalamu chini. Stoo haina. Tulizunguka maduka yote ya dawa mjini, kila mahali jibu ni moja: mzigo uko ng'ambo ya maji.

Tulirudi kwa Abdub. Mzee akaweka mezani pakiti yake, ileile aliyotoka nayo kwenye mvua jana.

"Daktari, gawanya hii. Nusu yangu, nusu yake."

"Mzee, kama kila mmoja atameza nusu kidonge, nyote mtakuwa hamjatibiwa."

"Habana nusu kidonge. Kila mtu kidonge yake kamili. Siku ndiyo nusu."

Abdub alifikiri, akamkagua tena Mzee wangu. Alisema dozi kamili kwa wote inawezekana, kwa vile Daud ameshapimwa na ni dawa ileile, lakini zitawaisha mapema Desemba. Barabara isipofunguka, wote wawili watakatiza dawa, na Mzee anajua maana ya kukatiza.

Yaani upara. Mahat anajua. Mimi pia najua, na nilimvuta shali ili tuzungumze kwanza. Hakugeuka.

Nyumbani waliketi kwenye mkeka, kila mtu upande wake. Daud akasema hataki. Mzee akasema atake. Daud akasema dawa ya mtu ni riziki ya mtu. Ndipo Mzee alipofanya walichokifanya sokoni maisha yao yote: alinyoosha mkono wa kulia, Daud akaupokea, na Mzee akarusha shali juu ya mikono yao. Madalali hupatana bei hivyo, vidole vikisemezana chini ya nguo ili waliosimama pembeni wasijue. Mimi na Sahra tulisimama mlangoni. Tuliona shali inatikisika tu. Daud alitikisa kichwa. Shali ikatikisika tena. Mzee akafyonza. Daud akatazama juu kwenye mabati muda mrefu, akapumua.

"Haye," akasema, yaani amekubali.

"Haye," akasema Mzee, akavuta shali. "Mama Zamzam, lete mkasi."

"Wa nini?"

"Wa ndevu. Yeye anakatwa, mimi nitakaaje nazo?"

Walikatana huku wakitukanana kwa furaha. Nililetea kila mtu mkasi wake, uliochemshwa kwenye maji. Sikuwa nimeuona mdomo wa mume wangu tangu harusi. Si mbaya hata kidogo.

Mswaki niliuchoma moto nyuma ya choo.

Jumatano, 22 Novemba

Soko zima limewacheka. Walivaa kofia kubwa za ukili kwa ajili ya jua lisilokuwepo. Wanasikiliza mapafu ya ndama kwa kusimama mbali, mkono wenye glavu kifuani mwa mnyama. Abdub amewapa pakiti nzima ya glavu na amesema bwana mifugo aitwe.

Alhamisi, 30 Novemba

Mvua usiku kucha. Kila nikisikia inaongezeka naenda kutazama pakiti kabatini. Namkasirikia Mzee, nampenda, namkasirikia tena. Kuna mahali pa vidole viwili pasipo na nywele chini ya taya lake, pekundu, laini. Pale pakibaki hivyo, kila asubuhi ya maisha yetu nitapatazama na kukumbuka kwamba alichagua. Nadhani nitaweza kuishi napo. Lakini ningependa nisijaribiwe.

Jumapili, 3 Desemba

Leo wamemeza viwili, pakitini vimebaki viwili tu. Mzee alikula samli yake kama kawaida. Mimi sikula.

Jumatatu, 4 Desemba

Mashua! Mizigo midogo imeanza kuvushwa kwa mashua, na Abdub alipiga simu mwenyewe saa nne asubuhi: dawa imefika, ameweka ya wazee wake wawili kando. Nilikimbia na umri wangu huu. Sahra alinikuta njiani, naye anakimbia. Hatukuulizana.

Jioni nilimuuliza Mzee kilichosemwa chini ya shali. Wiki mbili nimevumilia.

"Nilimpa mkono mzima," alisema, "yaani dawa zote, achukue pakiti. Yeye akanikunja vidole vyote. Hataki hata kimoja. Tukaanza hapo."

"Ungempa zote?"

"Taya lake uliliona wewe peke yako, mimi sikuliona?" Alichovya anjera kwenye samli. "Daud ni dalali mzuri. Mimi ni mzuri zaidi. Nilimpandisha mpaka nusu."

Jumamosi, 16 Desemba

Unywele! Mahali pale pa vidole viwili, chini ya taya, unywele mweupe, mgumu, halafu mwingine. Nilivaa miwani nikahesabu kwa kidole mpaka akasema namtekenya. Mvua zimepungua, malisho yamefika magotini, watu wa Kotile wanasema maziwa yamekosa wanywaji.

Alhamisi, 4 Januari

Jana Abdub aliwapima wote wawili kwa darubini. Ukungu hakuna. Dawa basi, hina ruhusa, kila mtu na mswaki wake. Nimenunua miwili, mwekundu ni wa Mzee, wa kijani ni wa Daud, na Mzee ameapa kwamba samli ataendelea nayo kwa tahadhari. Ameapa bure.

Ndevu za Mahat zimefunga kidevu chote, fupi, nene. Za Daud zimerudi pia, isipokuwa upande wa kushoto, sehemu ya ukubwa wa kizibo cha soda. Abdub alimwambia ukweli kwa upole: pale pamekufa mizizi, palingoja mno. Daud alisema alhamdulillahi, akatoka nje kidogo, akarudi.

Alasiri alikuja. Nilikoroga hina. Sahra alileta jerikeni ile, mara hii ina maziwa, akakaa.

Daud alimpaka Mzee kwanza. Alipomaliza alipaza sauti mpaka majirani wakasikia, "Mashallah! Mashallah! Mashallah!" na sote tukacheka, hasa yeye.

Kisha ikawa zamu yake. Mahat aliuchukua mswaki wa kijani. Alimpaka polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote, akazunguka pale penye upara bila kupagusa, halafu kwa ncha ya kitana akavuta nywele za jirani, kidogo kidogo, akazilaza juu yake mpaka pakafunikwa karibu pote. Akaegemea nyuma. Akamtazama, kama Daud alivyomtazama Oktoba.

"Warya Daud," alisema. "Ndevu hizi zikifika sokoni, mimi siziuzi. Kwa bei yoyote. Mashallah."

Daud aliinamisha kichwa akajifuta macho kwa shali, akasema hina imemwingia jichoni. Hina ilikuwa kidevuni tu, na hakuna kati yetu aliyemsahihisha.